Msimtafutie Mungu cheti cha maabara

Kila baada ya wiki chache inanifikia klipu ileile kwenye magrupu, wanabadilisha muziki tu. Sauti nzito ya kiume, nyota zinazunguka, alafu maandishi mekundu: DARUBINI YA NASA YATHIBITISHA MUNGU YUPO. Ukikaa siku mbili unaletewa nyingine, picha zilezile, safari hii inasema Mlipuko Mkuu, ile nadharia ya Bigi Bengi ya jinsi ulimwengu ulivyoanza, umekufa, wanasayansi wamechanganyikiwa na hawajui kitu. Alafu ipo ya tatu, hii huwa inatoka kwa vijana waliosoma kidogo wakachoka kwenda kanisani, inasema sayansi imeshamaliza kila kitu na Mungu hana ajira tena. Zote tatu zinatokana na darubini moja, ile ya James Webb, na zote tatu zimeisoma vibaya. Mimi ni muumini, niseme mapema ili mtu asije akaniambia najificha, na ninachobishania hapa ni kwamba sayansi na kumwamini Mungu vinaweza kukaa nyumba moja bila shida kubwa, ila wanaovuruga nyumba mara nyingi ni sisi waumini wenyewe, tunavyokimbilia maabara kumtafutia Mungu cheti.

Tuanze na darubini. Ilirushwa tarehe 25 Desemba 2021, siku ya Krismasi (hapo tu watu walishapata mahubiri), kioo chake kina upana wa mita 6.5, na inanasa ule mwanga wa joto ambao macho yetu hayauoni, mwanga uliosafiri muda mrefu kiasi kwamba ukiutazama unatazama zamani. Picha za kwanza zikatoka Julai 2022. Mwaka 2024 wakatangaza galaksi moja (kundi kubwa mno la nyota) waliyoipa jina kama pasiwedi, JADES-GS-z14-0, ambayo mwanga wake ulitoka wakati ulimwengu una umri wa miaka milioni 290 hivi. Ulimwengu leo una miaka kama bilioni 13.8, kwa hiyo chukulia mzee wa miaka 80 anaoneshwa picha yake akiwa hajafikisha hata miaka miwili. Kilichowashtua wataalamu ni kwamba huyo mtoto kwenye picha ana ndevu, yaani galaksi hiyo na wenzake ziling'aa na kukua kuliko walivyotarajia kwa umri ule. Ndo maana modeli za jinsi nyota za kwanza zilivyozaliwa zinarekebishwa, pengine zilizaliwa kwa kasi zaidi, pengine vumbi lilikuwa kidogo, watu wanabishana kwa data. Ila kwamba ulimwengu unatanuka na kwamba zamani ulikuwa wa moto na umebanana, hilo halijaguswa. Sasa wewe utoke hapo kwenye ndevu za galaksi uende moja kwa moja mpaka Mungu kathibitishwa, au Mungu kafutwa, hiyo safari umepita njia gani?

Wengi wanaoitumia hiyo Bigi Bengi kumpinga Mungu hawajui kwamba aliyeanza nayo ni padri. Georges Lemaître, Mbelgiji, alipigana Vita ya Kwanza ya Dunia upande wa mizinga, akapewa upadri mwaka 1923, akaenda Cambridge kusoma kwa mwanaastronomia Eddington alafu akavuka kwenda Marekani. Mwaka 1927 akaandika kwamba ulimwengu unatanuka, tena kwenye jarida la Kibelgiji ambalo wakubwa wa fani hawakuwa wanalisoma. Mwaka huohuo akakutana na Einstein mjini Brussels, na inasimuliwa Einstein alimwambia hesabu zako ziko sawa ila fizikia yako inachukiza. Hakukata tamaa. 1931 akasema basi turudishe mkanda nyuma mpaka mwisho, tutakuta vyote vilianzia kwenye kitu kimoja kidogo, atomu ya mwanzo. Hilo jina la Mlipuko Mkuu wala hakulitoa yeye, lilitoka redioni BBC mwaka 1949 mdomoni mwa mwanaastronomia Fred Hoyle, ambaye nadharia yenyewe hakuipenda kabisa. Na sio yeye peke yake aliyeitilia shaka, kwa baadhi ilikuwa inanuka ubani: padri anakuja na hesabu zinazosema ulimwengu una mwanzo, lazima ujiulize huyu katoka kwenye kalamu au katoka kwenye altare.

Novemba 1951 Papa Pius wa 12 akahutubia Akademia ya Kipapa ya Sayansi na akaongea kwa furaha kubwa kwamba sayansi ya kisasa imefika mpaka kuishuhudia ile "Iwe nuru" ya mwanzo. Ingekuwa leo hiyo ingekuwa klipu, ingezunguka dunia nzima kabla ya chai ya jioni. Na mtu ambaye ungetegemea ashangilie kuliko wote ni Lemaître, nadharia ni yake, Papa ni wake, kanisa ni lake, yote mema. Kumbe mwenzetu alikosa raha. Alihangaika ili jambo lile lisirudiwe, na Septemba 1952 Papa alipozungumza na wanaastronomia wa dunia waliokutana Roma hakulirudia. Mpaka baadaye Lemaître aliendelea kushikilia kwamba nadharia yake iko nje kabisa ya maswali ya dini, anayemwamini Mungu na asiyemwamini wote wanaweza kuipima kwa vigezo vilevile. Nadhani padri huyu aliona kitu ambacho watengeneza klipu hawakioni. Ukisema leo namwamini Mungu kwa sababu nadharia fulani inasema kulikuwa na mwanzo, je kesho ikija nadharia bora inayosema hapakuwa na mwanzo, utafunga kanisa? Nadharia kazi yake ni kurekebishwa, ikigoma kurekebishwa hiyo sio sayansi tena, sasa wewe ukichukua imani yako ukaifunga kwenye mkia wake, ikikata kona na wewe unakata kona, ikianguka na wewe uko chini.

Ndugu zangu Waislamu msikae mkacheka hapo, na nyie mna la kwenu na ni la zamani zaidi. Mwaka 632 alifariki Ibrahim, mtoto mdogo wa Mtume, na siku hiyo jua likapatwa. Watu wakasema, na nani angewalaumu, jua limepatwa kwa ajili ya kifo cha mtoto wa Mtume. Hebu fikiria nafasi ile. Kiongozi yeyote wa dini wa siku hizi, mwenye chaneli yake na vipaza sauti vyake, angeikataa ishara kama hiyo? Mtume aliikataa. Aliwaambia jua na mwezi ni ishara mbili katika ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake, mkiona hivyo salini. Kwenye maneno machache vile amefanya mambo mawili kwa mpigo, ameutoa msiba wa nyumbani kwake kwenye sababu za tukio la angani, na bado amewaacha watu wasali. Ndo maana tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipopatwa kwa mtindo wa pete na watu wakajazana Rujewa kule Mbarali, Mbeya, wanaastronomia walikuwa wameshatoa saa na dakika miezi mingi nyuma, na waumini wanaosali swala ya kupatwa kwa jua wakaisali kama kawaida. Kujua dakika hakukuifuta swala, na swala haikubadilisha dakika.

Sasa tuje kwenye hoja dhaifu, na nianze na za upande wangu. Ya kwanza ni ya majina makubwa. Utasikia Newton aliamini, Mendel aliyeanzisha elimu ya vinasaba alikuwa mtawa, Abdus Salam alipopewa Nobeli ya fizikia 1979 alikuwa mtu wa swala, na tangu Mei 2025 limeongezeka la Papa Leo wa 14 kwamba kasomea hesabu chuo kikuu na Julai ile akaenda kwenye kituo cha Vatikani cha kutazama nyota. Yote kweli. Ila yanathibitisha kitu kidogo sana, kwamba kichwa kimoja kinaweza kubeba vyote viwili. Hayathibitishi kwamba walichoamini ni sahihi, maana Newton huyohuyo alitumia miaka akihangaika kutafuta namna ya kugeuza madini kuwa dhahabu na hakuna anayesema basi tumfuate. Na wasioamini wanaweza kukuletea listi ndefu vilevile. Kuhesabu majina ni mchezo wa mashabiki wa mpira.

Hoja ya pili ni mbovu zaidi na inapendwa mno mimbarini, kwamba sayansi inabadilika badilika, leo hiki kesho kile, Neno linabaki. Mary Leakey alipopata fuvu la kale la Zinjanthropus pale Oldupai tarehe 17 Julai 1959, mumewe Louis alikadiria lina miaka kama laki sita. Miaka miwili baadaye wenzao wakapima majivu ya volkano kwa njia ya potasiamu na agoni wakapata milioni 1.75, karibu mara tatu. Mhubiri anasema unaona, walikosea! Ndio, walikosea, na waliowasahihisha ni wanasayansi wenzao kwa kipimo bora. Hakuna aliyerudi akasema kumbe fuvu ni la juzi. Makosa yalisogea upande wa ukweli, kama fundi anayepunguza kosa kila anaporudia kupima. (Kwa bahati tu tarehe 17 Julai ndo Lemaître alizaliwa, mwaka 1894. Haina maana yoyote, tafadhali msitengeneze klipu.)

Upande wa wasioamini nao wana dhaifu yao, ile ya kwamba sayansi imeleta chanjo na ndege, dini imeleta vita na sadaka, kwa hiyo chagua. Hapo wamelinganisha mema ya mmoja na maovu ya mwingine. Nikitaka naweza kugeuza nikaweka Hiroshima upande huu na hospitali za misheni upande ule, na tutakesha.

Tatizo la kweli halipo kwenye hizo. Lipo pale ambapo dini inasema jambo kuhusu dunia inayoshikika. Nakumbuka kidato cha kwanza mwalimu wetu wa historia alifundisha chimbuko la binadamu, akachora mpaka mafuvu ubaoni, alafu akafuta chaki mikononi akasema haya andikeni kwenye mtihani, nyumbani kila mtu ana kitabu chake. Tukacheka, tukafaulu. Nimekuja kuona baadaye kwamba ule ndo ukaaji pamoja wa bei rahisi, sayansi kwenye droo moja, Mungu kwenye droo nyingine, na ukifungua moja unafunga ya pili. Droo hizo zinakaa vizuri mpaka siku mtu anazifungua zote mbili. Nairobi zilifunguka mwaka 2006, pale makumbusho yalipokuwa yanafanyiwa ukarabati na askofu mmoja wa kipentekoste akaongoza upinzani dhidi ya kuwekwa mbele mabaki ya yule kijana wa Turkana, binadamu wa kale ambaye Kamoya Kimeu alimgundua Nariokotome mwaka 1984, mifupa ya miaka kama milioni moja na nusu na imekamilika kuliko karibu yote ya umri huo. Alitaka ifichwe nyuma. Simkebehi askofu, alikuwa na uaminifu kuliko mwalimu wangu, aliona kwamba kama kitabu cha Mwanzo ni ripoti ya matukio kwa tarehe basi mfupa huu ni mgogoro. Kosa lake liko kwenye hilo "kama". Augustino wa Hippo, Mwafrika wa huku kaskazini, aliandika zaidi ya miaka 1,600 iliyopita kwamba ni aibu Mkristo kuongea upuuzi kuhusu anga na ardhi akijidai anatoa kwenye Maandiko, mbele ya mtu asiyeamini ila anayejua, maana huyo mtu akishamcheka kwenye anachokijua hatomsikiliza kwenye ufufuko. Alisema hivyo kabla hata hatujapata darubini ya mkono.

Lakini sio kila kitu utakisomea kwa jicho la fumbo. Kikombe cha Loliondo cha mwaka 2011 nadhani wengi mnakikumbuka, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, marehemu Babu Ambilikile Mwasapile, kijiji cha Samunge, dawa ya mizizi ya mugariga kwa shilingi 500, foleni ya magari kilomita na kilomita, wakubwa kwa wadogo. Babu alisema Mungu alimwonesha ndotoni. Kuhusu ndoto mwanasayansi hana la kusema, hana chombo cha kupimia nani kaongea na Babu usiku. Ila kikombe kinatibu UKIMWI na kisukari? Hapo umeshaingia kwenye uwanja wa damu na maabara, kuna kipimo cha wingi wa virusi, kuna kipimo cha sukari, na lazima ukubali kupimwa. Wapo walioacha ARV kwa kuamini wamepona. Na wale waliosema kupima ni kukosa imani waliitetea imani kwa gharama ya miili ya watu wengine. Kwangu mpaka uko hapo: imani ikitoa dai linalopimika, ipimwe kama dai lolote lile, na ikishindwa tukubali imeshindwa bila kuanza kusema mgonjwa hakuwa na imani ya kutosha.

Asiyeamini makini atanibana hapo hapo, na hii ndo hoja yao ninayoiheshimu. Atasema sawa, kila kinachopimika umenipa mimi, basi Mungu wako amebakiwa na nini, mbona anafanana kabisa na Mungu asiyekuwepo? Jibu langu ni kwamba sio kila swali la kweli ni swali la kipimo. Chukua kesi za DNA zinazopelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Kipimo kitasema mtoto ni damu ya nani, na kikisema kimesema, usibishane nacho. Ila mwanaume aliyemlea huyo mtoto miaka kumi, akamlipia ada, akalala naye wodini, je ni baba yake au sio? Hilo hulikuti kwenye chupa ya maabara, na hakuna anayesema ni swali la kipuuzi, ndoa zinavunjika kwa sababu yake. Najua mfano huu haumthibitishi Mungu, na ningekuwa mnafiki kuutumia hivyo baada ya yote niliyosema juu. Unaonesha tu kwamba "haipimiki" na "haipo" ni maneno mawili tofauti.

Na kuna mahali hata mimi nakosa jibu, nako ni mbali sana na mifupa ya zamani. Ni sikoseli. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionesha kwa utafiti wa huku Afrika Mashariki kwamba mtu mwenye nakala moja ya kinasaba cha sikoseli anakingwa na malaria kali. Ndo maana kinasaba hicho kimejaa kwenye maeneo yenye mbu, pwani yetu, kanda ya ziwa, Kongo, Uganda. Waliokuwa nacho walinusurika wakazaa. Hiyo ni mageuzi ya viumbe, haiko Oldupai chini ya majivu, iko kwenye mishipa yetu leo hii. Ila wazazi wawili wenye nakala moja moja wakizaa, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto mwenye nakala mbili, na huyo ndo analia usiku kwa maumivu ya mifupa. Yaani kinga ya watoto wa jirani na mateso ya huyu mmoja vimetoka kwenye mfuko mmoja. Anayesema ni laana ya ukoo amekosea, ni hesabu, na amemwongezea mama mzigo asiostahili. Anayesema kwa hiyo Mungu hayupo ameruka kutoka kwenye jenetiki kwenda kwenye teolojia bila kuaga. Ila anayeuliza kwa nini Mungu mwema alipitisha kinga kwenye njia hii, huyo ameuliza swali zito na sitamjibu kwa klipu. Ayubu aliliuliza bila kujua kinasaba ni nini. Sayansi imelinoa, haikulileta, na haidai kulijibu.

Ukikubali mgawanyo huu kuna mambo yanabadilika. Mwalimu wa baiolojia hana haja tena ya kufuta chaki na kuomba radhi, anaweza kufundisha mageuzi kama yalivyo akaenda zake kwenye ibada. Mchumba anaweza kwenda kupima sikoseli kabla ya ndoa na mchungaji asione kama ameingiliwa. Na bishano la kila mwaka la mwezi mwandamo lingepoa kidogo, maana nusu yake ni watu kumuuliza mwanaastronomia swali la fiqhi, yaani la sheria za dini. Yeye atakwambia mwezi umezaliwa saa ngapi na kama unaweza kuonekana Lamu au Zanzibar jioni hiyo, lakini kama kuonekana Makka kunamfunga mtu wa Tanga hilo sio lake, ni la mashehe, wabishane wao.

Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa kabisa, giza mchana kwa zaidi ya dakika sita kule Luxor, Misri, na kivuli hicho hicho kitapita juu ya Makka. Huku kwetu litamegwa tu sehemu. Saa na dakika zake zinajulikana tayari, mtu yeyote anaweza kuzitafuta leo. Kivuli juu ya Makka, mnajua wenyewe simu zetu zitakavyokuwa wiki hiyo, na natabiri sauti itakuwa ya yule jamaa yule yule.